Doa Chini ya Jeep ya Baba

Harufu ya mafuta ya ponti naichukia kuliko harufu yoyote ninayoijua, na mimi nilikaa Kindu miaka yote ya vita, kwa hiyo vinavyonuka navijua. Yananuka kama yai viza. Ukiyashika asubuhi, utakula nayo ugali mpaka kesho yake, hata ukisugua mikono kwa majivu. Uani kwetu, mahali inapolala jeep ya marehemu baba, kuna doa jeusi ambalo halikuwahi kukauka tangu vita viishe. Kuku walilizunguka. Mvua ililipanua tu. Mama alikuwa akilimwagia majivu kila asubuhi, kama mtu anayefunika uchafu wa paka, na baba akirudi safari, doa nalo lilirudi.

Kwa asiyejua magari: ponti ni ule mwili wa chuma uliolala baina ya magurudumu mawili ya nyuma, wenye tumbo la mviringo katikati. Ndani ya tumbo kuna meno yanayozungusha magurudumu, na meno hayo yanaogelea katika mafuta mazito. Kila mahali chuma kinachozunguka kinapotokea nje, kuna pete ya mpira ya kuzuia mafuta yasitoke. Mafundi wetu wanaiita joint. Ziko tatu, moja mbele ya tumbo na moja kila upande karibu na gurudumu. Ningefurahi kama ningekufa bila kuyajua hayo.

Kabla ya vita baba alibeba mchele kutoka Kibombo. Vita vilipokaribia mji, kila mwenye gari alijua kitakachotokea. Wenye bunduki, wa upande wowote, walichukua kila kilichotembea, wakakiendesha mpaka kikafa, wakakiacha porini. Basi watu wa Kindu wakaamua kuyachinja magari yao. Namna ilikuwa hivi: unalifungua gari vipande vipande, unavigawa kwa watu unaowaamini. Huyu alilala na magurudumu ya yule chini ya kitanda. Yule alificha dinamo ya huyu ndani ya gunia la mihogo. Kila nyumba ilikuwa inalinda kiungo cha gari la mtu mwingine, na kila mtu alinyamaza. Baba alibakiza uani bodi tupu juu ya mawe, mbuzi wakapanda na kushuka humo wapendavyo.

Ponti alipewa fundi. Fundi huyu alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao, nyumba yake ya tatu kutoka kwetu, na ndiye aliyekuwa akiitengeneza ile jeep tangu siku ilipoingia mjini. Walikuwa wakiswali safu moja. Yeye ndiye aliyechagua mahali pa kuizika.

"Tutaichimbia nyuma ya choo yangu," alimwambia baba. "Kule hakuna muntu atachimba. Hata mukubwa wao iko na pua."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuziba matundu, ili udongo na maji ya choo yasiingie ndani. Baba alikuwa ameshachomoa vyuma viwili virefu vya pembeni, kwa hiyo kulikuwa na matundu makubwa mawili, moja kila mwisho. Kulikuwa na la tatu, la bomba la breki. La nne lilikuwa juu kabisa, dogo, lisilotosha hata kidole cha mwisho, mahali palipovunjika kijibomba ambacho sikujua ni cha nini. "Ziba kila tundu," baba alisema, nami nilikuwa mtoto wa kusikia. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nikachana sketi yangu ya shule. Makubwa mawili niliyashindilia vitambaa. Kwa yale madogo nilichonga vijiti vya mchikichi, nikavizungushia kitambaa, nikavipaka ulimbo, nikavigonga kwa mchi mpaka vikagoma kuingia zaidi. Kile cha juu kilibaki kimechomoza. Niliona kitawakwaruza wabebaji, nikakikata kwa kisu mpaka kikawa sawasawa na chuma, nikapaka ulimbo juu yake. Ukipitisha kiganja hukujua kama pana kitu.

Baba alipitisha kiganja. "Huyu mutoto iko na mikono ya fundi," alisema, na rafiki yake akacheka, akanishika kichwa. Sifa hiyo nilitembea nayo miaka.

Misimu miwili ya mvua ilipita ponti ikiwa ardhini. Katika muda huo fundi alikimbilia Pangi na mke wake, kwa sababu nyumba za upande wao zilikuwa zimeingiwa na wenye bunduki. Mji ulipopoa, baba hakuwa na subira ya kumngoja. Alichimba mwenyewe na dereva mmoja jirani. Nilikuwa nimepelekwa kwa shangazi ng'ambo ya mto, sikuwepo. Vipande vikakusanywa kutoka nyumba mbalimbali, na hakuna hata kimoja kilichopotea. Jambo hilo mpaka leo linanishangaza. Wakatoa vitambaa vya pembeni, wakatoa kijiti cha bomba la breki kwa sababu bila hivyo breki haifungiki, wakafunga kila kitu. Mafuta ya ponti hayakuwepo sokoni, baba akaongezea mawese. Jeep iliponguruma, watu walitoka kushangilia.

Safari ya kwanza ya Kibombo, jeep ilirudi inavuja kotekote. Mawese yaliyoungua yakichanganyika na mafuta ya zamani yananuka namna ambayo sitaieleza, kuna watu wanasoma wakila. Baba akabadilisha joint zote tatu. Ikavuja. Akabadilisha tena. Ikavuja. Ndipo baba akaanza kufikiri, na kufikiri kwa mtu mwenye hasira ni kazi fupi. Ponti ilikwenda kwa fundi ikiwa nzima. Imerudi inavuja. Fundi ameondoka mjini. Basi fundi ameifungua, ameuza matumbo mazima kwa wenye bunduki, amerudishia matumbo mabovu.

Hakuifungua kuangalia. Nalisema hili la baba yangu mzazi na Mungu amrehemu: hakuifungua. Fundi aliporudi kutoka Pangi, amekonda, Ijumaa yake ya kwanza, baba alimngoja nje ya msikiti watu wakivaa viatu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema kwa sauti ya kusikiwa na barabara. "Huyu njo alikula jeep yangu." Fundi akavaa viatu vyake akaenda zake, hakurudi tena katika safu ile.

Mji wetu ukishamwita mtu mwizi hauhitaji kuona alichoiba. Nani atampa gari fundi aliyekula ponti ya rafiki yake? Aliishia kuziba matairi ya baiskeli kando ya barabara. Kwetu baiskeli tunaiita kinga, na ziko nyingi, kwa hiyo hakufa njaa. Lakini mikono ile iliyokuwa ikisikia ugonjwa wa injini kwa kugusa bonet tu, ikawa inatafuta mapovu katika beseni la maji. Mimi nikipita hapo na jeep, nilitema mate dirishani. Nilikuwa naona ni heshima kwa baba.

Kuna siku moja ambayo ningependa iwe ya mtu mwingine. Nilikuwa mwanamke mzima, mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Shemeji wa fundi alikuja getini anahema. Mke wa fundi alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekwama, wanaomba jeep impeleke hospitali. Jeep ilikuwa uani, imerudi jana. Niliingia kumwambia baba. Baba alikuwa anakula. Hakunyanyua kichwa.

"Uwaambie wamubebe juu ya ponti yangu alikula."

Mjumbe mwenye akili angerudi getini akasema jeep ni mbovu. Mimi nililipeleka neno kama lilivyo, neno kwa neno, na nilipofika mwisho nikacheka. Walimbeba kwa kinga, amekalishwa nyuma, mwanamume mmoja akimshikilia huku, mwingine kule. Hakufika ng'ambo ya reli. Yeye na mtoto tumboni. Kwetu hakuna aliyekwenda kwenye matanga.

Baba alifariki, akaniachia mimi jeep, doa, na ule uadui. Vyote vitatu nilivitunza. Ninabeba mchele mpaka leo, na katika miaka hii ya karibuni nimewalipa mafundi watatu kwa ajili ya joint, kila mmoja mchafu kuliko aliyemtangulia. Wa kwanza alibadilisha ile ya mbele mara mbili, akaniambia, "Mama, hii jeep iko na uzee tu," kana kwamba mimi nilifikiri imezaliwa juzi. Wa pili alisema mafuta ni mepesi, akatia mazito mpaka meno yakawa yanalia asubuhi. Wa tatu alipaka gundi kila mahali kama anapaka siagi kwenye mkate, akajifuta mikono kwenye kiti changu. Jeep ilitoka kwao imekauka, ikazunguka mjini wiki nzima imekauka, nikawalipa nikawashukuru. Safari moja ya Kibombo, doa likarudi.

Kilichonifikisha mwisho ni breki. Mafuta yanayovuja pembeni huingia kwenye breki za nyuma. Nikiteremka mteremko wa daraja moja njia ya Kibombo, wanawake wanne wamekaa juu ya magunia ya mchele, nilikanyaga breki nikaona nimekanyaga uji. Tulisimama ndani ya majani, pua ya jeep karibu na maji. Hakuna aliyeumia. Wanawake wale walishuka mmoja mmoja bila kunitukana, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Niliapa kwamba ama najua ugonjwa wa ponti hii, ama naiuza kama chuma chakavu. Sitaua mtu kwa ajili ya urithi.

Nilifanya kazi mwenyewe, na nilichukia kila dakika. Niliiosha ponti kwa petroli na brashi ya kufulia mpaka chuma kikaonekana. Kisha nikachukua unga wa mihogo, chakula cha watu, nikaupuliza juu ya ponti yote ikawa nyeupe kama aliyeanguka kinuni. Mahali mafuta yanapoanzia, unga utalowa kwanza. Nilizunguka mjini nusu saa, nikachungulia. Unga mkavu. Nikashika njia ya Kibombo mwendo wa saa mbili bila kusimama, nikarudi mwendo huohuo, nikalala chini ya gari likiwa bado la moto. Unga ulikuwa umelowa mahali patatu: mbele, kulia, kushoto. Sawasawa.

Nililala pale mgongo ukiwa ndani ya doa, nikifikiri. Mpira mmoja unaweza kuwa mbovu. Mipira mitatu mipya, ya maduka matatu, ife siku moja, saa moja? Na kwa nini ife kwenye joto tu? Huo haukuwa ugonjwa wa mipira. Kitu kilikuwa kinasukuma kutoka ndani. Nikachukua spana, nikalegeza ile bolti ya pembeni ya kujazia mafuta.

Ilipiga mluzi. Kisha ikanitemea. Mafuta ya moto yaliingia puani, mdomoni, ndani ya kilemba. Nilitoka pale nikitambaa, nikatapika kando ya jiko la mama, na mama, ambaye sasa haoni vizuri, akauliza ni nani anaumwa.

Lakini nilikuwa nimeshajua. Chungu kikibanwa kifuniko kikachemka, kitatokea popote kinapopata. Chuma cha moto kinahitaji kupumua, na mtu aliyekitengeneza lazima alikiachia pua. Iko wapi pua ya ponti hii? Nilirudi chini. Tope la miaka yote hiyo lilikuwa limegandiana na mafuta juu ya mgongo wa ponti, juu kabisa, mahali pasipofika brashi wala jicho la fundi aliyelala chali. Nililikwangua kwa kisu cha jikoni. Chini yake kiganja changu kilipita juu ya chuma laini, hakuna kitu. Nikapitisha kucha. Ikanasa. Mduara mdogo, mgumu, mweusi. Niliuchokoa kwa msumari nusu saa, ukatoka, harufu ya yai viza ikatoka nyuma yake.

Kilikuwa kijiti cha mchikichi. Kitambaa kilichozungushwa kilikuwa kimeoza kwa nje, lakini nilipokifungua, ndani kulikuwa na rangi. Buluu ya sketi ya shule. Hata mshono wa pindo ulikuwepo, mshono wangu mwenyewe, kwa sababu mwaka ule nilikuwa nimerefuka, nikaishusha pindo.

Sikulia. Nilichukizwa tu, kuanzia miguuni kupanda juu, na safari hii si na mafuta. Mtu anaweza kusema nilikuwa mtoto, nilitumwa, na nitakubali kuhusu kijiti. Lakini mate niliyotema dirishani sikutumwa. Kile kicheko cha getini sikutumwa.

Nilijifuta uso, nikafunga kijiti katika leso, nikatembea nyumba tatu. Miaka zaidi ya ishirini, na ni nyumba tatu. Mzee fundi alikuwa amekaa kando ya barabara, mrija wa kinga ndani ya beseni, akisikiliza mapovu kwa sikio maana macho yake nayo yamechoka.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam. Huyu njo nani?"

Nikasema mimi ni mtoto wa nani. Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Nikamwekea kijiti kiganjani. Alikigeuza, akakinusa, akapitisha kidole gumba kwenye ile ncha niliyoikata kwa kisu.

"Uliziba matundu ngapi?" aliuliza.

"Manne."

"Na baba yako alitoa ngapi?"

"Matatu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeletewa habari ya zamani. Nikamwuliza kama alijua. Akasema kijiti chenyewe hakukijua. Alijua ugonjwa.

"Jeep ilikuwa inapita hapa, miye nasikia harufu. Ikitoka mbali inanuka, ikitoka sokoni hainuke. Nikasema, ile ponti haipumue. Dakika moja tu, njo kazi yote."

"Sasa, mzee, kwa nini hukusema?"

Alinigeuzia uso. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Mwizi, nani anamuulizaka?"

Nilipiga magoti pale kwenye udongo wenye mafuta ya minyororo. Mwenye kinga mmoja alikuja, akaambiwa arudi baadaye. Mwishoni alisema hataki mbuzi, hataki nguo, hataki nimwite baba. Neno lilisemwa mbele ya watu. "Ulirudishe pale lilitokea," alisema.

Basi Ijumaa nilisimama nje ya msikiti, mwanamke, watu wakivaa viatu, nikainua kijiti nikasema: ponti haikuibwa, niliiziba mimi, baba alikosea, nami nilimsaidia kukosea. Wazee wengine walitazama chini. Mmoja aliniambia nisimwaibishe marehemu. Kijana mmoja aliuliza kwani ni habari gani hiyo, na nikaona kwamba nusu ya waliosimama pale walizaliwa baadaye, wao walimjua tu kama yule mwizi wa zamani anayeziba matairi, bila kujua aliiba nini.

Siku iliyofuata mzee alikuja uani kwetu, mara ya kwanza tangu vita. Alilala chini ya jeep kwa shida, akapapasa tundu, akalifungia kijibomba cha pampu ya kinga, akakipandisha juu mpaka kwenye bodi, ncha akaipinda iangalie chini maji yasiingie. Hakutumia hata robo saa. Alipotoka nilimpa maji ya kunawa, na nikamwomba jambo moja: aniruhusu nimpeleke makaburini, kwa mke wake, na jeep hii, sasa imepona.

Alikausha mikono, kidole kwa kidole.

"Yeye alibebwa na kinga," alisema. "Na miye nitaenda na kinga."

Akaenda.

Nimeshakwenda Kibombo na kurudi mara tano. Mara ya kwanza niliporudi nilitandika kartoni chini ya ponti, na asubuhi nikatoka kabla ya mama kuja na majivu yake. Niliivuta ile kartoni nikaiweka juani. Haikuwa na tone hata moja. Niliitazama pande zote mbili, kavu, safi, na sijawahi kuona kitu kinachochukiza kama usafi ule.